Chungu Kimoja, na Sigiri Ibaki Nje

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba wake na kila aliyefuata mwendo wao. Amma baad.

Mhariri aliniomba niandike juu ya uchumi katika Uislamu. Mambo ya benki na riba nimewaachia waliosomea. Mimi nitaandika juu ya nyanya, maharage na makaa, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyomaliza fedha za sisi tunaopanga Kalerwe. Tena mvua zimeanza, na katika baridi hii kuna jambo moja ambalo tusiposemezana mapema, tutakuja kusemezana tukiwa kwenye janaza.

Nianze na soko. Sahaba Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina hakuwa na kitu. Mtume (s.a.w.) alimuunga udugu na Saad bin Rabii, mtu wa Madina mwenye mali, na Saad akamwambia wagawane mali yake nusu kwa nusu. Abdurrahman alimuombea baraka, akamuomba amuonyeshe soko lilipo. Akaenda, akarudi na faida ya jibini kavu na samli. Kisa hiki kimo katika Bukhari. Nakikumbuka kila mwaka wanapofika wanafunzi wapya, wa kutoka Kigoma, Mombasa, Bunia, Arua, kwa sababu swali lao la kwanza huwa ni wapi pana chipsi. Waonyesheni soko.

Kalerwe iko pale Barabara ya Gayaza inapokutana na ile barabara ya mzunguko ya Kaskazini, mwendo wa miguu kutoka chuoni ukishuka upande wa nyuma. Malori ya matoke, viazi, kabichi na mananasi hushusha kungali giza, na wenye vibanda wa mitaa mingine huja kununua hapo hapo. Ndiyo maana fungu la nyanya la Kalerwe ukilipeleka kwenye duka la karibu na hosteli hulitambui tena kwa bei. Wapo wanafunzi wanaolijua hilo na bado hawaendi, wanaona haya kuonekana kwenye matope wamebeba mfuko wa dodo. Washirikina wa Makka nao walistaajabu: Mtume gani huyu anayekula chakula na kutembea masokoni? Allah ameyaeleza maneno yao katika Suratul Furqan, aya ya 7, na katika aya ya 20 akawajibu kwamba Mitume wote waliotangulia walikuwa wakila na wakitembea masokoni. Kama Mitume walitembea sokoni, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Uhandisi anaona haya ya nini?

Sasa namna ya kununua. Vitu vinavyooza, kama nyanya, nakati, dodo na parachichi zilizoiva, vinanunuliwa jioni, baada ya Asri kwenda Magharibi, muuzaji anapotaka kumaliza mzigo kwa sababu kesho hautafaa. Vitu vinavyokaa, kama maharage, unga wa posho, mchele na chumvi, vinanunuliwa kwa wingi mara moja, na watu wakichangishana ndipo wingi huo unapowezekana. Mukene, ambao sisi wa Tanga tunawaita dagaa, kikombe kimoja kinaungua harufu nyumba nzima lakini kinalisha watu wanne. Karanga za kusaga zinafanya mboga ya majani iwe kitoweo. Na katogo, ile ya ndizi na maharage chungu kimoja, ni chakula cha asubuhi kinachokufikisha saa tisa mchana bila kupita kwenye kibanda cha rolex. Sina ugomvi na rolex. Ila ukila mbili kila siku na chai, piga hesabu ya mwezi mwenyewe.

Hapo jioni, lakini, kuna mtihani. Mama aliyekaa juu ya gunia tangu alfajiri, mtoto mgongoni, mvua inanukia, anakwambia, "Mwanangu, chukua yote haya nikaende." Umeshapata bei ya chini kuliko ya asubuhi. Ukaanza tena: punguza, ongeza moja, hii imebonyea. Kupatana bei kunaruhusiwa, hilo halina shaka. Lakini katika Bukhari, kutoka kwa Jabir (r.a.), Mtume (s.a.w.) amemuombea rehma mtu aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Tunaponyonywa kwenye mizani tunakimbilia Suratul Mutaffifin haraka sana, na ni haki yetu. Dua hii ya Jabir inatugusa sisi wanunuzi, na ndiyo tunayoisahau. Shilingi 500 unayomkamua yule mama baada ya bei kushuka si akiba. Umeichukua kwenye sahani ya mtoto wake.

Ukifika nyumbani, jambo kubwa kuliko yote ni kula pamoja. Imepokewa katika Abu Daud kwamba masahaba walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa wanakula na hawashibi. Akawauliza kama huenda wanakula kila mtu peke yake, wakakubali. Akawaelekeza wakusanyike kwenye chakula chao na walitaje jina la Allah, watabarikiwa. Na katika Bukhari na Muslim amesema kuwa chakula cha wawili kinawatosha watatu na cha watatu kinawatosha wanne. Baadhi yetu tunazisikia hadithi hizi kama mambo ya adabu tu. Hebu zitazame kwa jicho la mtu anayenunua makaa. Kwenye ua tunaokaa mimi kuna vyumba sita vya wanafunzi. Zamani kila jioni zilikuwa zinawaka sigiri sita, kila moja na kisufuria chake cha maharage ya mtu mmoja, na maharage ya mtu mmoja yanataka karibu moto ule ule wa maharage ya watu wanne. Leo chumbani kwetu tuko wanne, kila mmoja anatoa shilingi 10,000 kwa wiki kwa chakula cha jioni, zamu ya kupika inazunguka, na sigiri ni moja. Sisemi tunashiba kama harusini. Nasema kwamba tangu tuanze hakuna aliyelala na njaa wiki ya mwisho ya mwezi.

Na hili la kulala na njaa lazima niliseme wazi, maana kuna watu humu wanadhani ndiyo zuhudi. Anaruka chakula cha mchana, anaruka cha jioni, anakunywa maji, anaenda maktaba, halafu anaanguka kwenye safu ya Swala. Aya ya 29 ya Suratul Israa imekataza mkono kufungwa shingoni kama ilivyokataza kuufungua wote, na aya ya 67 ya Furqan imewasifu wanaotoa matumizi bila israfu na bila ubahili, wakawa katikati. Mwili wako nao una haki juu yako. Kama huna kitu kabisa, unayo sunna: Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuliza nyumbani kama kuna chakula, na akiambiwa hakuna, alinuia kufunga. Nia inaigeuza njaa ile kuwa ibada. Lakini huyo anayefunga kwa kukosa siku tatu mfululizo, ndugu zake wana swali la kujibu. Abu Dharr (r.a.) aliusiwa na Mtume (s.a.w.) kwamba akipika mchuzi aongeze maji na awaangalie majirani zake. Angalieni ilivyo rahisi: hakuagizwa kuongeza nyama, ni maji. Hakuna chumba Kalerwe kisichoweza kuongeza maji.

Nije kwenye moto wenyewe. Katika Suratul Waqi'a, kuanzia aya ya 71, Allah anatuuliza juu ya moto tunaouwasha, ni nani aliyeuumba mti wake, kisha anasema ameufanya uwe ukumbusho na manufaa kwa wasafiri. Mti wake! Gunia la makaa linaloingia Kalerwe ni mti uliokatwa mbali na hapa. Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kusimamisha uchomaji wa makaa ya biashara katika Kaskazini ya nchi, kwa jinsi misitu ya kule ilivyokuwa ikikatwa. Kwa hiyo unapobana makaa hubani mfuko wako tu. Njia ni nyingi na hakuna inayotaka fedha. Loweka maharage tangu usiku, mwaga maji yale, ndipo uyabandike. Funika sufuria. Vumbi linalobaki chini ya gunia lichanganye na udongo wa mfinyanzi na maji, finyanga madonge, yaanike. Yanawaka polepole na yanafaa kwa vitu vya kuchemka muda mrefu. Wali ukishachemka na maji kukaribia kukauka, ondoa motoni, uzungushie blanketi kuukuu ndani ya kikapu au boksi, utamalizika kuiva wenyewe. Wenyeji wetu Waganda wanalijua jambo hili kuliko sisi: tazama matoke yanavyofungwa kwenye majani ya mgomba, yanavyoachwa juu ya moto mdogo na kubaki ya moto hadi mgeni wa mwisho afike. Jani lile ndilo blanketi.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi mnaokaa kwenye chumba kimoja chenye mlango mmoja. Wenyeji wanakiita muzigo, na mwisho wa mwezi kodi ikidaiwa unaona kweli ni mzigo.

Baridi ya Kampala si ya Ulaya. Lakini mji uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mvua chini ya mabati, sakafu ya saruji, godoro jembamba, kijana wa Pwani anatetemeka. Pale bondeni karibu na mfereji maji yakifurika unyevu hupanda ukutani. Watu hufanya nini? Wamepika nje barazani, sigiri bado ina makaa mekundu, moshi umekwisha, mvua inanyesha, na sigiri ikiachwa nje wezi wanaichukua. Basi inaingizwa ndani. Mlango unafungwa kwa ajili ya wezi, dirisha linafungwa kwa ajili ya mbu na baridi, nguo inasukumiwa chini ya mlango. Chumba kinapata joto zuri la bure. Wanalala.

Makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya. Yanapokuwa mekundu hivyo hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haikoozeshi. Ukiivuta inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka mwilini haina cha kupeleka. Aliye macho husikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Aliyelala hasikii chochote. Majirani huvunja mlango asubuhi wakakuta watu wamelala kama walivyolala, hakuna alama ya moto popote. Hapa Uganda, Kenya na kwetu Tanzania habari hii hurudi kila msimu wa baridi, familia nzima au wanafunzi wa chumba kimoja. Na madonge ya vumbi la makaa niliyoyasifu hapo juu ni hayo hayo, tena yanakaa na moto muda mrefu zaidi. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Usilale na sigiri.

Wapo wanaojibu: ajali ni kadari ya Allah. Kweli, kila kitu ni kadari yake. Lakini sikilizeni kisa cha Amr bin Al-Aas (r.a.) katika vita vya Dhatus Salasil, mwaka wa 8 Hijria. Usiku wa baridi kali alipatwa na janaba. Akaogopa kuwa akioga ataangamia, akatayamamu, akawaswalisha wenzake. Walipomweleza Mtume (s.a.w.), akamuuliza Amr kwa nini amewaswalisha akiwa na janaba. Amr akataja aya ya 29 ya Suratun Nisaa, inayotukataza kuziua nafsi zetu. Mtume (s.a.w.) akacheka na hakumkemea. Imepokewa na Abu Daud. Fikirini. Kuoga janaba ni faradhi, na sahaba aliacha maji kwa sababu ya kuhofia nafsi yake katika baridi, akaafikiwa. Je, aya iliyomruhusu mtu kuacha maji ili asife kwa baridi, itamruhusu mwingine kujiingizia kifo chumbani ili apate joto?

Na juu ya moto wa usiku hatuna hata haja ya kufanya qiyasi, maana tumepewa maneno ya wazi. Katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.), nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, akasema kuwa moto huu ni adui yetu na akaamrisha tuuzime tunapotaka kulala. Kutoka kwa Jabir (r.a.) tumepokea amri ya kuzima taa pia, na sababu yake imetajwa: panya huenda akaburuta utambi akawaunguza wenye nyumba. Aliyewahi kulala Kalerwe hahitaji kuelezwa habari za panya. Kwa hiyo na mshumaa wa siku ya umeme kukatika unaingia humo humo.

Nimeulizwa baada ya darsa: ustadh, tukizima makaa si tumeyapoteza? Hapana, na hapa ndipo sunna na mfuko vinapokutana. Makaa yanayoachwa kuteketea usiku asubuhi ni jivu. Chukua kopo la bati la rangi au la mafuta lenye mfuniko, liweke barazani. Ukishaipua chungu, tia makaa mekundu humo kwa koleo, funika lisipate hewa. Yatazimika. Kesho yatawaka upesi kuliko makaa mapya. Sigiri ikishakuwa tupu na imepoa, iingize ndani, wezi hawataipata. Na yule ambaye tayari anaumwa kichwa kwenye chumba chenye sigiri, asipewe dawa ya kichwa alale. Atolewe nje kwenye hewa mara moja, milango ifunguliwe, apelekwe hospitali; Mulago haiko mbali nasi.

Joto la kulalia litoke wapi basi? Suratun Nahl, aya ya 5, imetaja kuwa katika wanyama tumewekewa vya kutupa joto, na aya ya 81 imetaja mavazi ya kutukinga. Joto la kwanza ni la nguo. Sweta la mtumba kutoka Owino, hapa wanasema mivumba, bei yake ni chini ya makaa ya wiki mbili na utalivaa hadi uhitimu. Baridi nyingi hutoka chini: kabla ya kununua blanketi la pili, tandika maboksi yaliyokunjuliwa au magunia makavu chini ya godoro, juu yake mkeka. Soksi za usiku ziwe kavu, zisiwe zile ulizotawadhia. Maji yanayobaki ya moto baada ya kupika tia kwenye chupa ya chai. Usiku unakunywa kikombe cha tangawizi na alfajiri unachanganya kidogo na maji ya baridi ya udhu. Kutawadha vizuri wakati wa tabu kuna ujira wake, imethibiti katika Muslim, lakini hakuna aliyekataza maji ya uvuguvugu. Na mlango, zibeni nyufa zake usiku mkishahakikisha hamna moto ndani.

Neno fupi kwa wanaokaa hosteli. Koili ya kuchemshia maji unayoificha ndani ya begi mwenye nyumba akipita, wakati mkataba uliotia saini unakataza na umeme wa Yaka analipa yeye, hiyo usiihesabu katika kubana matumizi. Aya ya kwanza ya Suratul Maida imetuamrisha kutimiza mikataba. Mwendee, muombe, mchangie. Wengi hukubali. Asipokubali, chupa ya chai ipo.

Jambo la mwisho ni la jumuiya. Kuanzia Ijumaa hii litakuwapo boksi kwenye chumba cha kuwekea viatu, msikitini kwetu. Mwenye blanketi, sweta au mkeka wa ziada auweke humo, uwe umefuliwa. Anayehitaji achukue, wakati wowote, haandikishi jina na haulizwi. Dada wana boksi lao upande wao. Mwenye kopo la bati lenye mfuniko alilete pia, tunataka angalau kila ua wenye wanafunzi wetu Kalerwe, Mpererwe na Bwaise uwe nalo kabla mvua hazijakolea. Na kila kiongozi wa ua, usiku wa leo kabla ya kulala, apite milangoni aulize sigiri ziko wapi.

Wabillahi tawfiq.